Pesa Inayokaa Nje

Watu wakija kuniuliza habari za kufungua ofisi ya ushonaji, swali la kwanza huwa ni mtaji. Shilingi ngapi zinatosha? Nawajibu, kwa sababu jibu ninalo: cherehani mbili, ovaloki moja, meza ya kukatia, pasi, mkasi wa maana, pango la miezi sita na kitambaa cha kuanzia. Wanaandika, wanajumlisha, wanaondoka na jumla yao. Swali ambalo karibu hakuna anayeniuliza ni hili: pesa ikishatoka mkononi, itakaa nje muda gani kabla haijarudi? Nimeona biashara zenye faida zikifunga mlango kwa sababu ya swali hilo, na nimeona nyingine zenye faida kiduchu zikidumu mwaka hadi mwaka kwa sababu mwenyewe alilijua jibu lake.

Nashona sare za shule Kihonda, mjini Morogoro. Kazi nilijifunza Dar es Salaam, kwenye vyumba vya ghorofani Kariakoo ambako mafundi hukaa kwa safu, huyu anaunga mabega, yule anatia kola, mwingine anapachika mikono, na kila mtu analipwa kwa vipande alivyomaliza. Pale nilipata wepesi wa mkono. Nilipata pia kujua tajiri ananunuaje, anapangaje mzigo na anamlipaje fundi, maana meza yangu ilikuwa jirani na yake na mazungumzo yote ya simu nilikuwa nayasikia. Mwaka 2016 nikarudi nyumbani nikachukua fremu yenye kibaraza. Dalali alitaka kodi ya mwezi mmoja iwe yake, mwenye nyumba akataka ya miezi sita kwa mkupuo. Kabla sijapiga hata mshono mmoja, sehemu kubwa ya akiba yangu ilikuwa imeshaingia ukutani.

Kwa mshona sare mwaka huanza Oktoba. Huo ndio wakati wa kununua majora ya kitambaa cheupe na cha bluu, kabla bei haijapanda Desemba kila mtu anapoyakimbilia. Novemba tunakata na kushona kwa saizi, tunapanga rafu. Wiki mbili za mwanzo wa Januari hatulali vizuri: wazazi wanakuja asubuhi na mtoto, jioni na mtoto mwingine, wengine wanakuja usiku wakitoka kazini. Februari wanamalizikia wa kidato cha kwanza. Halafu Machi mlango unakuwa kimya. Masika yameanza, watu wako mashambani, na pesa yao wameifukia huko pamoja na mbegu. Idd huleta kazi ya nguo za watoto, lakini nayo huwahi kwa kama siku kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo huwezi kuitegemea mwezi uleule. Kwaya hutaka sare za Pasaka. Julai shule zinafunguliwa tena na kuna watoto waliorefuka ghafla. Baada ya mavuno zinakuja harusi, na dada na mashangazi wa bibi harusi wote wanataka kitambaa kimoja kwa mishono tofauti. Septemba na Oktoba ni mahafali ya darasa la saba na ya kidato cha nne.

Ukiitazama hesabu ya mwaka mzima, biashara inalipa. Ukiitazama Mei peke yake, utadhani imekufa. Pesa ya Januari ndiyo kodi ya pango ya Mei, ndiyo umeme wa luku wa Aprili, ndiyo mshahara wa fundi wakati wa mvua. Mwenye duka la vyakula anauza unga kila siku na kila jioni anajua ameshinda au ameshindwa. Sisi hatuna jioni ya namna hiyo. Ndiyo maana nasema wazi kwamba ujuzi wa cherehani ni nusu ya kazi hii. Nusu nyingine ni kuzuia mkono usiiguse pesa ya Januari, na hapo ndipo wengi wanapoanguka, wala si kwa ujinga. Januari hiyohiyo na wewe una ada za watoto wako, na ndugu wameona foleni mlangoni.

Niweke hesabu ya shati moja mezani, maana maneno matupu hayasaidii mtu. Shati la mtoto wa darasa la tatu nauza 12,000. Kitambaa mita moja na robo, kwa 4,000 kila mita, ni 5,000. Uzi, vifungo na gamu ya kola, 650. Matundu ya vifungo napeleka kwa mwenye mashine yake, ni 50 kwa tundu, shati lina matundu saba, kwa hiyo 350. Fundi analipwa 2,200. Jumla 8,200, zinabaki 3,800. Mgeni akisikia hivyo hufurahi: karibu elfu nne kwa shati! Lakini 3,800 hiyo bado haijawa yangu. Mwezi una pango la 150,000, luku kama 40,000, ulinzi na taka 15,000, sindano, mafuta na fundi wa cherehani 20,000, na leseni na kodi ya serikali nikiigawanya kwa miezi ni kama 25,000. Hiyo ni 250,000. Gawanya kwa 3,800, utapata kama mashati 66. Shati la sitini na saba ndilo la kwanza ambalo 3,800 yake yote ni yangu.

Januari namba hiyo naivuka kabla ya wiki ya pili kuisha. Aprili siifikii kabisa. Nikiwa na binti anayejifunza kazi, hesabu hii ndiyo namfundisha mapema sana, kabla ya kukata suruali. Anaandika mwenyewe kwenye daftari, anagawanya mwenyewe. Fundi anayejua shati lake la kuvukia ni la ngapi hapunguzi bei ovyo kwa mteja mwenye maneno matamu, wala haoni haya kusema bei yake.

Mimi mwenyewe nimejiandika kwenye daftari la mafundi. Kila Jumamosi jioni tunalipana, na jina langu liko kwenye mstari wake, na kiasi chake, kama wengine. Kiasi hicho ni kidogo, na mwezi mkubwa sikiongezi. Nikitaka mboga, nauli, vocha au mchango wa harusi ya jirani, vyote vinatoka humo. Droo ya ofisi si pochi yangu. Utaratibu huu umeniokoa hata kwa ndugu, maana ndugu akipiga simu ana shida, namjibu ukweli: "Kaka, ninacholipwa ni hiki, nitakutolea hapo." Hapo mwanzo shangazi yangu mmoja alinuna, akasema nina fremu, nina mafundi, halafu nalia njaa. Siku moja alikuja akashinda ofisini, nikampa daftari alisome. Alisoma taratibu, akauliza maswali mawili matatu, akasema, "Kumbe mwanangu na wewe ni kibarua humu humu." Tangu hapo yeye ndiye ananitetea kwenye vikao vya familia.

Kuna kazi zinazopendeza kwenye karatasi. Shule moja binafsi ilinipa oda ya traki za michezo za wanafunzi wote, bei nzuri, idadi nzuri, na ahadi kwamba wazazi wakilipa ada tu nami nitalipwa. Tulishona, tukapeleka kwa wakati, wakasifia. Ada ziliingia, zikalipa walimu kwanza, zikalipa chakula, zikalipa basi. Pesa yangu ilifika katikati ya mwaka. Faida ilikuwa ileile tuliyoandikiana, haikupungua hata shilingi, lakini wakati yote hayo yanaendelea mafundi wangu walikuwa wanakuja kila Jumamosi, na kila mmoja ana mtoto na mwenye nyumba. Tulipumua kwa sababu kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kilinikopesha. Kwa oda za shule sasa nataka nusu itangulie, na hiyo nusu inalingana na gharama ya kitambaa na fundi. Inayobaki ikichelewa, inachelewa faida. Watoto wa watu hawachelewi kula. Shule kadhaa zimekataa masharti haya zikaenda kwingine. Zilizokubali ndizo nimekaa nazo mpaka leo.

Kwa upande mwingine, nami nimewahi kuwa mtu wa kusubiriwa. Muuza majora mmoja Kariakoo, baada ya kuniuzia kwa taslimu kwa misimu kadhaa, aliniita pembeni akaniambia nichukue mzigo kwa mali kauli, nilipe Januari ikiisha. Hakuandika mkataba wowote, aliandika jina langu na idadi ya majora kwenye kitabu chake kirefu. Niliporudi mwisho wa Januari na pesa yote, hakuzihesabu mbele yangu. Nathamini mali kauli kuliko mkopo wa benki. Haina fomu, haina hati ya nyumba, na kwa mtu kama mimi ndiyo inayoziba pengo lile la Oktoba hadi Januari. Lakini haiombwi. Inakuja baada ya mtu kukutazama muda mrefu unavyolipa vitu vidogo.

Nikigusa mikopo, lazima niseme la kausha damu. Jirani yangu mwenye saluni alichukua 300,000 kwa marejesho ya 13,000 kila siku kwa mwezi mmoja. Zidisha: ni 390,000. Riba ya 90,000 kwa mwezi ni asilimia 30, wakati Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wadogo ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa ukomo huo riba yake ingekuwa 10,500. Cha kuumiza zaidi ni hiyo ya kila siku. Saluni haipati wateja kila siku, sembuse ofisi ya sare. Siku isiyo na kazi unalipa kwa kitu gani? Kwa dawa ya nywele uliyoinunua kwa mkopo wenyewe. Nilimwona akiuza draya yake moja kulipa marejesho, na roho iliniuma sana kwa sababu ni mwanamke anayeijua kazi yake vizuri. Tulimwingiza kwenye kikoba chetu. Hisa ananunua kila wiki kwa uwezo wake, anakopa hadi mara tatu ya akiba yake, riba ni ndogo na mwisho wa mwaka inarudi kwetu wenyewe tukivunja. Amesimama tena, sasa ana draya mbili.

Halmashauri nazo zina mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Aprili 2023 serikali iliisimamisha ili kurekebisha utaratibu, ikarudi mwaka uliofuata. Kikundi chenu kikiwa na usajili, akaunti na daftari linaloeleweka, ni pesa nzuri kwa sababu marejesho yake yanavumilika. Kwa tunaofanya kazi ya msimu, naona mkopo upimwe kwanza kwa tarehe zake za marejesho, riba ije baadaye.

Sasa habari za TRA, mamlaka ya mapato, ambazo watu huziogopa bila kuzijua. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2019, mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka asiyetunza kumbukumbu alikadiriwa 100,000. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4. Chukua mauzo ya milioni 6: mwenye daftari alilipa 60,000. Elfu arobaini ilikaa kwako kwa sababu ya daftari la shilingi elfu mbili na kalamu. Na makadirio yanalipwa kwa awamu nne, kwa hiyo awamu ya Machi naitoa kwenye pesa ya Januari ikiwa bado ya moto, na ya Juni pia naitenga mapema. Jambo linalonikera ni kodi ya zuio ya pango. Sheria inasema mpangaji azuie asilimia 10 ya kodi ya nyumba aipeleke TRA, yaani ikatwe kwenye pesa ya mwenye nyumba. Wenye nyumba wengi wanakwambia waziwazi: kama unataka fremu, hiyo ni juu yako. Unajikuta unalipa kodi ya mtu mwingine na stakabadhi unabaki nayo wewe. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu linaangukia wadogo, wenye sauti ndogo ya kubishana.

Machi 17, 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Rafu zangu zilikuwa na mashati na sketi zilizobaki za msimu, na majora yalikuwa kwenye meza. Hakuna aliyejua zitafunguliwa lini. Tulianza kushona barakoa za vitenge kutoka kwenye vipande tulivyokuwa tunavitupa kwenye mifuko, tukaongeza na kitambaa kipya oda zilipozidi. Faida yake ilikuwa ndogo, ila ilikuwa ya kila siku, na hiyo ndiyo tuliyoihitaji. Shule zilifunguliwa Juni 29, na watoto walikuwa wamekua. Mashati yale hayakuoza. Miezi ile ndipo nilipoelewa kwa undani faida ya kufanya biashara ya kitu kinachoweza kusubiri. Dada yangu anauza nyanya sokoni Mawenzi, siku mbili tu kwake ni hasara. Kitambaa cheupe ukikifunika vizuri kinakaa, pesa imelala ndani yake lakini haijafa.

Mgao wa umeme wa mwaka 2023 ulikuja kwa namna yake. Ofisi zilizokuwa zimebadilisha cherehani zote kuwa za mota zilikaa kimya mchana, mafundi wao wanashona usiku wa manane umeme ukirudi. Mimi nilikuwa nimebakiza Butterfly mbili za mguu, zile nyeusi zenye kipepeo, kwa sababu fundi wangu mkubwa hapendi mota, anasema inamkimbiza. Mchana kutwa tulisikia mlio wa kanyagio. Ovaloki tulisubiri umeme, pasi tukarudi kwenye ya mkaa. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipowashwa Februari 2024 hali ikaanza kutulia, ila zile Butterfly sijaziuza na sina mpango huo.

Mwaka huohuo wa 2024, mwezi wa Juni, treni ya reli ya kisasa, SGR, ikaanza safari za Dar es Salaam na Morogoro, nauli ya daraja la kawaida 13,000. Mtu wa mbali anaweza kuona ni habari ya usafiri tu. Kwangu ni habari ya mtaji. Zamani kwenda Kariakoo ilikuwa basi la alfajiri hadi Mbezi, halafu foleni hadi mjini, unafika jua limepanda na unanunua kwa haraka ili uwahi kurudi, au unalala kwa mtu. Kwa hiyo ulinunua mzigo mkubwa kwa safari chache, pesa nyingi inakaa kwenye majora. Sasa naenda asubuhi, kabla ya mchana nimeshazunguka maduka, jioni niko Kihonda. Mizigo mizito bado inakuja kwa basi. Lakini naweza kununua kidogo kidogo, kila jora likija lina mteja wake, na ile pesa iliyokuwa inalala miezi sasa inalala wiki.

Nimezungumza pesa mpaka hapa kwa sababu bila hiyo ofisi haipo. Lakini mtu akiniuliza kwa nini sirudi Kariakoo kulipwa kwa kipande, au kwa nini nilikataa kazi ya kiwandani iliyokuwa na mshahara wa uhakika, jibu langu haliko kwenye ukurasa wa mapato.

Mama mmoja alikuja Januari, katikati ya ile fujo, na mwanawe wa darasa la pili. Mtoto akaniamkia, "Shikamoo mama," akajificha nyuma ya gauni la mama yake. Mgongo wake umepinda kidogo, bega la kushoto limeshuka. Mama akasema, "Dada fundi, shati hili la pili namnunulia sokoni. Kola inakimbilia upande mmoja, akifika shule anaivuta siku nzima." Kwa kawaida shati nalikata kitambaa kikiwa kimekunjwa mara mbili, pande zote zinatoka sawa. Kwa hilo nilikikunjua. Nilimpima kila bega peke yake, kutoka shingoni hadi kwenye ncha, halafu kutoka begani hadi kiunoni kulia na kushoto. Nikakata vipande vya mbele viwili visivyolingana, nikashusha mshono wa bega la kushoto, nikaweka padi nyembamba chini yake, na upande huo pindo nikalifupisha ili chini pakae mstari mmoja. Nilimjaribisha mara kadhaa. Mafundi wangu waliacha kazi wakaja kutazama. Alipovaa lililokamilika alifunga vifungo mwenyewe, hadi cha kola, akajitazama kwenye kioo, mbele, halafu ubavu, halafu akamwambia mama yake waende wakamwonyeshe bibi. Kwenye daftari shati lile ni 12,000 kama mengine, ingawa lilikula mchana wangu wote. Mtoto huyo sasa yuko darasa la juu, kila Januari anakuja tunapima upya, na kata zake nimeziweka kwenye bahasha yenye jina lake. Duka la nguo zilizoshonwa tayari haliwezi kumfanyia hivyo, hata likiwa na bei nusu ya yangu. Najivunia hilo kwa moyo wote.

Najivunia pia mabinti niliowafundisha. Wanakuja wengine hawajui kuingiza bobini, wengine wamekatishwa shule, mmoja alikuja na mtoto mgongoni na tukampa kona ya kumlaza mtoto kati ya mafungu ya vitambaa. Huyo sasa yuko Ifakara, ana cherehani yake na ovaloki ya mkopo aliyomaliza kulipa. Bado ananipigia simu akikwama kwenye kata ya suruali, tunazungumza kwa video anageuza kitambaa nakiona. Mwaka jana alinipigia kwa swali jingine kabisa: shule imempa oda kubwa, inataka kulipa mwisho wa muhula, achukue? Nikamuuliza kitambaa na fundi vitalipwa na nani hadi hapo. Akanyamaza, nikasikia anafungua daftari.

Na mwanangu. Nilipokuwa Kariakoo, akiugua niliomba ruhusa na siku hiyo sikuwa na kipande cha kulipwa. Hapa anafanya kazi zake za shule chini ya meza ya kukatia, anajua kutenganisha vifungo vya shati na vya suruali, na nikiitwa kikao cha wazazi nafunga mkasi kwenye droo naenda. Siwezi kukitia bei kitu hicho. Miguu inauma, ndiyo, na macho jioni yanataka mwanga mkubwa kuliko zamani. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inapokea sisi tuliojiajiri, nimeanza kuchangia, kwa sababu cherehani hainilipi siku nikishindwa kuikanyaga.

Sasa hivi ninachokitafuta ni mashine ya matundu ya vifungo. Zile 350 kwa kila shati zinakwenda kwa mtu, na Januari foleni yake ndiyo inayotuchelewesha: mashati yamekamilika, yamepigwa pasi, yanasubiri matundu. Kariakoo kuna za mkono wa pili zinazofanya kazi vizuri, fundi wangu mkubwa ameshakwenda kuijaribu moja. Kikoba tunavunja Desemba, mgao wangu utalipa nusu. Muuzaji amekubali nusu ya pili aipate Februari, mauzo ya sare yakishaingia, na nimeshamwandikia tarehe.